Mama Mkwe Kisimani

Filamu yenyewe ilikuwa mbovu. Naanza na hilo ili mtu asije akaniuliza mwishoni. Ilikuwa filamu ya ngumi, ya zamani, ya kuchekesha, au ndivyo walioitengeneza walivyodhani, na mtaa wetu mzima ulikuwa umeisifia miaka nenda rudi mbele ya watoto, mbele ya wageni, hata kwa watu tuliokutana nao kwenye foleni. Tulisema filamu za siku hizi ni kelele tu, ile ndiyo ilikuwa filamu. Wako walioapa kwamba hakuna aliyeiona akatoka na mbavu zake zote.

Aliyetuletea ni baba yangu mdogo, ambaye mtaani hana jina lingine zaidi ya Redio. Ndiye aliyenilea tangu kaka yake, yaani baba yangu, alipofariki mimi nikiwa natambaa. Nyumba ni ileile tunayokaa hadi leo: chumba kikubwa cha mbele kinachotazama barabara, korido nyembamba, vyumba viwili nyuma, na ua wenye bomba lisilofunga vizuri. Chumba cha mbele enzi hizo kilikuwa banda la video. Kulikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni yenye tumbo, deki, na kipaza sauti kilichofungwa utepe mweusi pale shingo ilipovunjika. Dirisha lilizibwa kwa gunia. Nje paliegemezwa ubao ambapo Redio aliandika kwa chaki filamu ya siku hiyo.

Mikanda ilikuja ikiongea Kichina, na maandishi ya chini, kama yalikuwepo, yalikatwa nusu na ukingo wa televisheni. Kwa hiyo Redio alizima sauti kabisa, akavuta kipaza sauti, akaanza kutafsiri. Nasema kutafsiri kwa sababu ndivyo tulivyosema sote. Kichina chenyewe hakukijua hata salamu. Aliangalia midomo ya watu ikifunguka kwenye kioo, akatia maneno yake humo, na yakakaa vizuri kama nguo iliyopimwa.

Steringi, yaani shujaa wa filamu, mtu mwembamba, alimwita Shemeji. Yule mnene asiyeisha kuanguka alikuwa Bwana Harusi. Adui mkuu, ambaye kila mara hutokea mlangoni bila kualikwa, alimpa jina la Mama Mkwe na sauti nyembamba ya puani, na kuanzia hapo hadithi nzima ikageuka. Hawakupigana tena kwa ajili ya kisasi. Walipigana kwa sababu Mama Mkwe alikuja kwa siku mbili na sasa hataki kuondoka, anafunua masufuria, anauliza kwa nini binti yake amekonda. Kila teke lilikuwa na sababu ya nyumbani. Wanaume wazima walitoka pale wakijifuta machozi, na wakwe zao walipowatembelea walishindwa kuwatazama usoni.

Mwishoni Mama Mkwe anapigwa teke, anatumbukia kisimani, na kioo kinakuwa cheusi. Filamu imekwisha. Watu wanaanza kuinuka, mabenchi yanalia, na hapo hapo Redio anawazuia, anawarudisha chini, halafu kutoka kwenye ule weusi wa televisheni inasikika sauti ya Mama Mkwe, yuko ndani ya kisima, anatoa amri kama kawaida yake. Anauliza jioni mnapika nini. Anasema maji ya humu yana joto kuliko chai ya mkwe wake. Redio aliweza kwenda naye hivyo mpaka watu wa zamu inayofuata wakaanza kugonga mlango. Sehemu tamu kuliko zote ilikuwa pale ambapo hapakuwa na picha yoyote.

Mimi haya yote nayajua kwa masikio. Mama Mdogo, mke wa Redio, hakutaka mtoto wa kike aingie bandani kwenye moshi wa sigara na lugha za wanaume, na kwa Mama Mdogo hakuna rufaa. Lakini kitanda changu kiligusa ukuta wa banda, na ukuta ule ni mwembamba. Nililala nikisikiliza, nikaamka nikisikiliza, mpaka maneno ya Mama Mkwe nikayashika yote, na wapi anavuta pumzi, na wapi watu wanaangua kicheko. Picha sikuiona hata siku moja. Kichwani mwangu Mama Mkwe alikuwa mwanamke mrefu kuliko mlango, mwenye pochi kubwa kwapani.

Banda lilikufa taratibu, kila mtu alipopata filamu zake kwenye simu. Redio hakufa nalo. Alihamishia mdomo wake kwingine: akatangaza misiba na watoto waliopotea kwa spika ya mkononi, akaendesha harusi, akabishana mpira kwa kinyozi mpaka wateja wakanyolewa vibaya. Chumba cha mbele nikakichukua mimi, nikaweka cherehani, nashona sare za shule. Alipenda kukaa nami akiwatafsiri wateja. Mwalimu mkuu akitoka tu, Redio anakuwa mwalimu mkuu. Nilimgombeza kwa sababu mtu mwenyewe hajavuka hata mtaro, na mimi nacheka huku nimebana pini mdomoni. Alinijibu kwamba nikimeza pini atatangaza msiba wangu bure.

Asubuhi moja alikwenda kunawa uso bombani, hakurudi. Mama Mdogo alimkuta amekaa chini, maji yanamlowesha magoti, anatazama mbele kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukarudi nusu, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Neno lenyewe ni "bado".

Umekula? Bado. Unaumwa wapi? Bado. Huyu ni nani? Bado. Alilisema kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa kuuliza, na uso wake ulionyesha wazi kwamba silo alilokusudia. Alifumba macho, akajikusanya, akalitafuta lile alilolitaka, akafungua mdomo, likatoka lilelile. Hilo ndilo lililonikata maini. Kama angekuwa hajui, ningevumilia. Lakini alijua, na alituangalia sisi tukijifanya tumeelewa, na hakuna aliyemjua Redio asiyejua jinsi alivyochukia watu wanaojifanya.

Watu wakapungua. Mwanzoni walikuja kwa makundi, wakaketi, wakasema pole, wakasubiri afanye mzaha. Walipoona hakuna mzaha wakatazama saa. Siwalaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mazungumzo, na hawakuwa wamezoea kuyaendesha wenyewe. Waliobaki ni kinyozi, aliyekuja kumnyoa ndevu kila Jumapili, na dereva mmoja mstaafu wa malori, aliyekaa kimya naye wakitazama barabara.

Hospitalini kulikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kuongea upya. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alimsemesha Redio kwa sauti ya kawaida, si ile ya kuwasemeshea watoto na viziwi. Alitueleza kwamba akili haijapotea. Maneno yamo, njia ndiyo imeziba. Akasema yale mtu anayoyarudia maisha yake yote, wimbo, sala, kuhesabu, wakati mwingine hutokea kwa njia nyingine ya nyuma, na yakishatokea hayo, mengine huweza kufuata. Tukamwimbia. Tukasali naye. Bado, bado, bado, kwa mahadhi ya wimbo kabisa, lakini neno lilelile. Mama yule hakuficha kitu. Alisema miezi imepita mingi na wanaosubiri nafasi ni wengi, kwa hiyo Jumatano ijayo kama hakuna jipya itabidi Redio amwachie mgonjwa mwingine. Alisema huku amemshika Redio mkono.

Tukiwa tunatoka akatuuliza kama kuna kitu kingine, chochote, ambacho mzee alikisema mpaka kikawa kama kupumua. Mama Mdogo alinitazama. Mimi nikamtazama yeye. Nadhani tulilitaja jina la Mama Mkwe kwa pamoja.

Nilikimbilia kwa fundi simu aliye ng'ambo ya barabara, kijana wa watu, mpole, anayejua kutafuta vitu mtandaoni. Aliniuliza filamu inaitwaje. Nikamwambia Mama Mkwe Kisimani. Akaandika, akasubiri, hakuna. Akauliza nani amecheza humo. Nikamwambia Shemeji. Alinitazama kuona kama namtania. Nikamweleza hadithi nzima kama niijuavyo: kuna bwana harusi mnene, kuna mkwe wake mkali, mama wa makamo, anakuja kutembea haondoki. Akatafuta. Akaniletea filamu za Kichina zenye maharusi, zenye kina mama wakali, hata moja ya kina mama wanaopigana kwa ndoo, na mimi nikakaa pale kwenye kiti chake cha plastiki nikizitazama mwanzo hadi mwisho, nikisubiri kisima. Sare za watu zimelala mezani, wazazi wanapiga simu, mimi natazama harusi za Wachina.

Aliyetuokoa ni kinyozi. Alipita kununua vocha akanikuta natafuta mama wa makamo, akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Akasema humo hamna mwanamke hata mmoja. Mama Mkwe ni mzee wa kiume, ana nywele nyeupe hadi kiunoni na chunjua kwenye shavu, anapigana kwa upawa. Mimi nilisimama pale na aibu yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtengenezea pochi.

Kwa nywele, chunjua, upawa na kisima, fundi simu akaipata kabla ya jua kuzama. Alinitilia kwenye flashi na hakutaka kitu. Alisema anachotaka ni kuja kuona, kwa sababu baba yake alikuwa akiisimulia.

Mama Mdogo alipoiona ile flashi aliishika kwa mikono miwili. Yeye si mtu wa maneno mengi, na kwa mume aliyekuwa naye angeyapatia nafasi wapi. Lakini siku ile alinivuta uani, akafungulia bomba ili mzee asisikie.

"Mwanangu, mimi sitaki hotuba," alisema. "Hata akinigombeza kwamba chai imepoa, kwangu inatosha. Moja tu. Basi."

Nikamwambia atamgombeza. Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kusema hivyo.

Jumapili mchana tulipanga chumba cha mbele. Nilisogeza cherehani kwenye kona, tukaleta televisheni ya chumbani, ile inayosoma flashi, tukaingiza mabenchi mawili yaliyokuwa yamebaki uani, Mama Mdogo akatundika gunia dirishani, akachemsha chai. Kipaza sauti tulikikuta kwenye sanduku, utepe wake umekauka. Ubao nao ulikuwepo, ulikuwa unazibia tundu la banda la kuku. Nikaufuta, nikaandika kwa chaki jina la filamu, nikauegemeza mlangoni. Wakaja kinyozi, dereva mstaafu na fundi simu. Hatukualika wengine kwa kuogopa kumtisha.

Kinyozi alikuwa amemnyoa vizuri. Tulimtoa Redio chumbani kwake taratibu, amevaa shati jeupe, Mama Mdogo upande huu na mimi upande ule. Alipofika mlangoni akauona ubao. Akasimama. Akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa chaki kwa kidole, akatazama vumbi kwenye kidole. Halafu akacheka. Upande mmoja wa uso ndio uliocheka, lakini ulicheka wote. Nikamketisha kwenye kiti chake cha zamani kando ya televisheni, nikamwekea kipaza sauti mapajani, na yeye mwenyewe akakigeuza upande unaotakiwa.

Fundi simu akaiwasha.

Ile tuliyopata ilikuwa imetiwa sauti za Kiingereza, za watu walioongea kama wanasoma bei dukani. Kuna kitabu cha ngumi kimeibiwa. Wakakieleza kitabu hicho mpaka nikapiga miayo. Kisha yule mnene akaanguka, na alipoanguka ikapigwa tarumbeta. Akainuka, suruali ikamvuka, ikapigwa tarumbeta. Akaipandisha, ikavuka tena. Steringi aliruka ukuta akiwa amevaa viatu vyeusi, akatua upande wa pili akiwa na vyeupe. Pigano moja lilianza mchana, likaendelea jioni, likaisha mchana uleule.

"Subirini," kinyozi alisema, "sehemu yenyewe inakuja."

Akaja Mama Mkwe. Sijui nilitegemea nini, nilikuwa nimeshaambiwa ni mzee. Lakini alikuwa mzee mfupi, mwembamba, amechoka, na gundi ya nywele za bandia inaonekana inang'aa kwenye paji la uso. Aliingia, akafunua sufuria kwa upawa, akasema kitu kuhusu kitabu. Hakuna aliyecheka. Fundi simu alitutazama mmoja mmoja kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuonekana hajafurahia. Kinyozi akasema tena tusubiri, inakuja, lakini sauti ilikuwa imepungua. Nilishikwa na hasira, nakiri, hasira na watu wa mbali nisiowajua waliotengeneza takataka ile na kuiacha itembee mpaka kwetu. Suruali ikavuka tena. Tarumbeta ikapigwa.

Dereva mstaafu alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Kumbe alikuwa yeye," alisema polepole. "Filamu ilikuwa hakuna. Alikuwa yeye tu."

Nikageuka kumtazama Redio, nikiogopa kwamba amesikia. Alikuwa amesikia, nadhani, lakini hakuwa na habari naye. Alikuwa akipapasa rimoti kwa mkono wa kushoto. Aliipata, akaielekeza kwenye televisheni, akabonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza tena, mpaka sauti ikazima. Kiingereza kikafa, tarumbeta ikafa. Mabenchi yakatulia. Kinyozi na dereva wakakaa wima bila kuambiwa, maana katika chumba kile kuzimwa kwa sauti kulikuwa na maana moja tu. Mama Mdogo alinishika mkono akaufinya. Tuliomba, kila mtu kwa namna yake.

Redio akainua kipaza sauti.

Picha zikaendelea kimyakimya. Shemeji akaja, na Redio akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Bwana Harusi akaanguka, na Redio akafungua mdomo. Niliyajua maneno yaliyotakiwa pale, niliyajua tangu utotoni, na ndiyo maana niliona nisichotaka kuona: alifungua mdomo mahali penyewe hasa. Hakuwahi, hakuchelewa. Alivuta pumzi pale alipokuwa akivuta pumzi. Aliinamisha kichwa pale ambapo Mama Mkwe husema kwa siri. Yote yalikuwemo, yamepangwa, yanasubiri zamu, na zamu ikafika na ikapita. Mishipa ya shingo ilimsimama. Mara moja tu lilitoka neno, lilelile, la chini chini, akatikisa kichwa kulikataa.

Mama Mkwe akafunua sufuria tena. Mama Mdogo hakuweza kuvumilia. Aliniinamia sikioni akaninong'oneza, "Msaidie. Huenda akishasikia njia..."

Nikamsaidia. Nilibana pua, nikasema kwa sauti ya Mama Mkwe, "Hiki ni chakula, au mmeloweka soksi?"

Walilipuka. Kinyozi alipiga benchi ngumi, dereva akainama mpaka kofia ikaanguka, fundi simu akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha kweli, na kwa kufumba na kufumbua banda likawa banda. Nilijisikia mwepesi. Nikafungua mdomo kuendelea, na nikakutana na macho ya Redio.

Niliwahi kumwona mtu akikutana barabarani na koti lake lililoibwa, limevaliwa na mwingine, limemkaa vizuri. Redio aliniangalia hivyo. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Bado," aliniambia taratibu.

Nikanyamaza. Kicheko kikawafia wote mdomoni, na tukaitazama filamu ile mbovu bila sauti, watu wazima sita, kama tuliofungwa. Kwa kweli sikuwa naitazama. Nilikuwa natazama mkono wa kushoto wa baba yangu mdogo ukishusha na kupandisha kipaza sauti kwa wakati wake. Niliwaza Jumatano. Niliwaza yule mama wa hospitali atakavyotuuliza, na sisi tutakavyotazama sakafu. Mama Mdogo alikuwa ameuachia mkono wangu.

Hatimaye kikafika kisima. Shemeji akaruka, teke likatua kifuani, nywele za bandia zikakaa upande, na yule mzee aliyechoka akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukingoni, akatumbukia. Maji yakaruka. Hapo hapo, bila hata kuonyesha kama amekufa au vipi, kioo kikawa cheusi. Ndivyo walivyoimaliza.

Fundi simu alikuwa wa kwanza kuinuka, kwa upole, ili kuzima. Kinyozi naye akainuka, benchi likalia. Dereva akaokota kofia.

"Bado," alisema Redio.

Alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti pana ya zamani, akiwaashiria kwa macho wakae. Nilikuwa naisikia tena ile sauti ya nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Mabenchi yanalia, watu wanainuka, halafu neno hilo, kisha Mama Mkwe. Ndivyo alivyowazuia sikuzote, kila zamu, miaka yote ile, na sisi tuliokaa naye mezani na hospitalini tukilisikia kutwa nzima hatukuwahi kukumbuka lilikotoka. Safari hii hakutikisa kichwa. Ndilo alilolitaka, mahali pake, wakati wake. Kinyozi na dereva wakaketi chini mara moja kama vijana. Mama Mdogo alisimama wima, mikono mdomoni.

Redio akakibana kipaza sauti kidevuni, akainama kuelekea kwenye ule weusi wa televisheni. Mabega yakapanda. Akavuta ile pumzi ya puani. Lililobaki ni jepesi, hata mtoto angelisema: jioni mnapika nini. Akafungua mdomo, na tukaona ulimi wake ukitafuta.

Ulitafuta kwa muda mrefu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola ya shati jeupe. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aligeuza kichwa akanitazama mimi, na macho yalikuwa mengine sasa. Akaninyooshea kipaza sauti. Akaniinamishia kichwa, mara moja, kuniruhusu.

Nikakipokea. Nikabana pua. Maneno niliyajua vizuri kuliko jina langu, na Mama Mdogo alikuwa ananitazama, na yeye mwenyewe ananitazama, midomo yake imeshakaa tayari kunifuatisha. Machozi yakanitangulia. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, hakikutoka. Tulikaa vile mimi na baba yangu mdogo mbele ya televisheni nyeusi, wote wawili midomo wazi, mpaka kinyozi akakohoa, na dereva akamwinamia Mama Mdogo akamshukuru kwa chai, wakatoka mmoja mmoja wakipita pembeni ya ubao.